Aya ya Tisa na Koti la Nabintu

Nilikwenda Brussels kwa sababu ya mkono wa Nabintu. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa kuwa tangu nirudi, watu wa hapa Point, mtaa wetu wa Durban, wananiuliza habari za theluji, chokoleti na maduka, na kila nikiulizwa hivyo damu inanichemka. Sikwenda kutembea.

Nabintu ni mwenzangu wa Bukavu, kule Kongo. Tulifanya kazi pamoja katika kiwanda cha sabuni ya unga kule Mobeni, eneo la viwanda, hatua tano kati yake na mimi. Mimi nimeajiriwa na kampuni yenyewe, ambayo makao yake makuu yako Ubelgiji. Yeye aliletwa na wakala wa ajira. Kazi ilikuwa ile ile, vumbi la sabuni lile lile lililotukausha pua, koti la buluu lile lile lenye nembo ya kampuni kifuani. Tofauti ilikuwa jina lililoandikwa juu ya mkataba. Sheria ya nchi hii humlinda mtu wa wakala akishapita miezi mitatu, basi wakala wake alikuwa anakata mkataba kabla ya miezi mitatu na kuandika mwingine, akaendelea hivyo miaka sita. Mwezi wa sita mwaka jana mashine ya kufunga mifuko, ambayo hufunga kwa moto, ilimbana mkono wa kulia. Kampuni ikasema huyu si mtu wetu. Wakala akasema mashine si yetu. Wiki ile ile mkataba ukaisha na hakuna aliyeandika mwingine.

Wakati huo huo Ulaya kulikuwa na karatasi inaandikwa. Kule wafanyakazi wana wawakilishi wao wanaokaa meza moja na waajiri, na kabla sheria za kazi na uchumi hazijatungwa, meza hiyo huandika maoni yake, na watunga sheria huyasoma. Safari hii maoni yalihusu kampuni za Ulaya zenye viwanda nje. Aya ya tisa ya rasimu ilisema kampuni iwajibike kwa kila mtu anayefanya kazi ndani ya kuta zake, hata kama ameletwa na wakala. Walitaka mfanyakazi mmoja wa Durban aende kusema. Mwakilishi wa kiwanda mama cha kampuni yetu, mwanamke aitwaye Godelieve, alituandikia wazi: "Aya hiyo ikipita, nitaingia nayo ofisini kwa wakubwa nikiwa na jina la Nabintu, na itabidi wanijibu. Isipopita, sina pa kushika."

Mobeni, saa sita mchana, wiki mbili kabla ya safari, walinichagua. Vikao vyetu vya chama cha wafanyakazi hufanyika getini wakati wa chakula, wenye kadi ya uanachama wamesimama. Baba Khumalo, mwenyekiti wa wawakilishi wa kiwanda, alisema aende Mama Solange, yaani mimi, kwa kuwa anajua Kifaransa. Nyuma huko mtu akanung'unika, mbona tumtume mgeni, Wazulu wameisha?

"Wewe unajua Kifaransa?" Baba Khumalo akamuuliza.

"Hapana."

"Sharp, sawa. Basi kula mkate wako."

Kisha wakanipa agizo. Kwa msiojua desturi yetu, mwakilishi hana mdomo wake mwenyewe. Watu wa getini humpa agizo, naye hulibeba kama lilivyo. Akikutana na jambo ambalo halimo ndani yake, hafungui mdomo, hurudi getini kuuliza. Nimeona kwa macho yangu mtu akivuliwa uwakilishi mchana kweupe kwa kuitikia "ndiyo" moja ambayo hakutumwa. Agizo langu lilikuwa na mambo mawili: waeleze habari za mkono, na itetee aya ya tisa kama ilivyo. "Wakibadilisha neno," akasema Baba Khumalo, "nyamaza, urudi." Tukapiga makofi. Ng'ambo ya barabara, watu wa wakala walikuwa wanakula wameegemea ukuta wa ghala, kama kawaida yao. Sikuwatazama mara mbili.

Point, Jumapili, nilikwenda kumuaga Nabintu katika chumba anachokaa na dada zake wawili. Nilimkuta anapiga pasi lile koti la buluu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia vidole vitatu havikunjuki tena, na ngozi yake imevutika, inang'aa.

"Ubabebee hii koti," akasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu. "Bayione. Miaka sita nilivala jina yabo hapa kifuani, na leo banasema miye siko wabo."

"Nitawaonyesha."

"Na ile neno yako ya tisa, isipotee njiani, Mama Solange. Ikipotea, miye nimeisha. Njo ile tu nimebakia nayo."

Nikamwambia haitapotea. Niliahidi kwa urahisi, mikono yote miwili nikiwa nimekumbatia kikombe cha chai yake.

Jumatatu niliondoka. Katika kiwanja cha kubadilishia ndege, ofisa wa dirishani alikigeuzageuza kitabu changu cha kusafiria cha mkimbizi kana kwamba ni samaki anayemtilia shaka. Akaniuliza mara tatu kama nitarudi. Nilimwambia nina zamu Jumatatu ijayo, na hilo ndilo jibu pekee lililomridhisha. Abiria wenzangu walipita na vitabu vyao vya rangi nyingine bila hata kuvua miwani. Hasira ya kwanza ya safari niliipata hapo, nikaila pamoja na wali wa kwenye ndege.

Brussels, Jumanne asubuhi, baridi ilinipokea usoni kabla ya Godelieve. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono minene, na alipokuja kunikumbatia nilinusa shingoni mwake sabuni yetu. Ile ile. Nikapiga chafya, naye akapiga. Tukacheka sana pale mlangoni, na nikadhani nimempata dada.

Kwake alinipikia viazi na majani fulani machungu aliyoyafunika kwa jibini. Alinieleza utaratibu: siku moja ya kusema, siku moja ya kuandika, halafu kura. Wageni hawana kura.

"Na waajiri wakiikataa aya ya tisa?" nikamuuliza.

"Wataikataa. Hapa kila mtu hukataa kitu, kisha tunatafuta katikati."

"Katikati ya nini, Godelieve? Mkono umeungua au haukuungua."

Akaniongezea kijiko cha viazi badala ya kujibu. Nilipaswa kukielewa kile kijiko.

Jumatano saa tatu tuliingia katika jengo la vioo. Kila kiti kilikuwa na vifaa vya masikioni, na nyuma ya vioo vingine walikaa wakalimani, lugha baada ya lugha. Niliposimama kusema nilizungumza Kifaransa changu cha shule za Bukavu, polepole. Nilieleza mashine inavyofunga mfuko, inavyochukua sekunde moja, na kwamba kitufe cha kuizima kiko upande ambao mwenye zamu hawezi kuufikia. Kisha nikalitandaza koti mezani, nembo juu. Watu wakanyoosha shingo kulitazama. Halafu wakapiga makofi, wengine wamesimama, na mama mmoja wa Ureno alikuja kunishika mabega huku analia. Walilipiga picha koti. Walinipiga picha mimi nimelishika. Siku ile nilirudi nikiwa mrefu kuliko nilivyozaliwa, na sioni haya kukiri.

Alhamisi saa nne tuliingia chumba kidogo, watu kumi na wawili na chupa za maji. Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika; ule ukumbi mkubwa ni wa makofi. Upande wa wafanyakazi uliongozwa na Bwana Henri, fundi wa zamani wa reli, mwenye tabia ya kugonga kalamu mezani kila jambo linapokwisha. Upande wa waajiri alisema mama mmoja wa sauti laini sana. Alisema aya nane wanazikubali, ila aya ya tisa ikibaki, hawatatia saini lolote. Hakupandisha sauti. Alisema hivyo akijimiminia maji.

Bwana Henri akasugua macho, akatoa katikati yake. Badala ya "kila mtu anayefanya kazi ndani ya kuta zake", isomeke "wafanyakazi walioajiriwa na kampuni moja kwa moja". Habari za mawakala zitafanyiwa utafiti baadaye.

"Kuna pingamizi?" akauliza.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Macho yake yalinipitia, yakasimama kwangu kidogo. Nami nikafanya kile nilichofundishwa miaka kumi na moja ya Mobeni. Neno limebadilika, sina agizo, nikafunga mdomo. Kichwani nilikuwa tayari napanga kwamba wakati wa kahawa nitampigia Baba Khumalo, tutaita kikao, nitaleta jibu. Nilidhani kila mtu mezani anaelewa kwamba mtu aliyetumwa akinyamaza, jambo lake bado liko njiani.

Bwana Henri akagonga kalamu. Watu wakaanza kukusanya karatasi zao.

Saa saba mchana karatasi ilitoka mashineni. Chini ya aya ya tisa waliandika kwamba imepitishwa kwa makubaliano ya wote waliokuwepo, akiwemo mwakilishi wa wafanyakazi wa Durban. Nilisoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinaruka. Nilimfuata Bwana Henri ukumbini, karatasi mkononi, na sikungoja amalize sandwichi yake.

"Nani alikwambia nimekubali?"

"Madame, ulikuwepo. Niliuliza."

"Uliniuliza mimi. Walionituma hukuwauliza."

"Hapa asiyepinga amekubali. Tukisubiri kila mmoja arudi kwao, hatutaandika hata ukurasa." Akaniwekea mkono begani. "Tumepata aya nane kati ya tisa. Ni ushindi."

"Hizo nane ni za wenye mikataba. Mkono ulioungua uko kwenye ya tisa."

Akasema ananielewa. Nimeambiwa hivyo na madaktari, na makarani wa uhamiaji, na wenye nyumba, na sasa nikaambiwa na mfanyakazi mwenzangu. Nilitamani angenitukana, tungekuwa angalau tunagombana. Nilimwambia futa jina la Durban. Akasema maandishi yamefungwa. Na kama vile siku haikuwa imetosha, msichana wa ofisi yao akaja na tabasamu kuniuliza kama ningewaachia lile koti, waliweke kwenye kabati la kioo ukumbini, wageni wawe wanaliona.

"Mnataka koti," nikamwambia, "mwenye koti hamumtaki." Nikalikunja mbele yake, nikaliweka begani. Nikaelekea kwenye lifti.

Godelieve alinikuta nje, kwenye baridi. Alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu wakati kalamu inagongwa, naye hakusema kitu. Nilimuuliza kwa nini.

"Nilidhani umeamua. Ulikuwa umetulia kabisa." Uso wake ulikuwa mwekundu, sijui kwa baridi au kwa aibu. "Ipo njia moja. Mwenye kura anaweza kuambatanisha tamko la kutokubaliana mpaka Jumatatu saa sita mchana. Linawekwa mwishoni. Andika sasa hivi, nami nitatia saini."

"Siwezi. Sina agizo la tamko."

"Solange. Umekasirika kwa sababu ulinyamaza, na sasa unataka kunyamaza siku nne tena?"

"Sinyamazi. Narudi kuuliza. Ninyi ndio hamjui tofauti."

Nilimpigia Baba Khumalo pale pale. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi. "Eish, Mama. Uliondokea getini, utaripoti getini, kwa mdomo wako. Jumatatu saa sita." Godelieve akahesabu kwa vidole. Saa sita ya Durban msimu ule ni saa tano ya Brussels. Tungekuwa na saa moja.

Durban, Jumamosi, nilitua kwenye joto na sikulifurahia. Jumapili baada ya misa nilipanda ngazi za Nabintu na koti begani. Nilimweleza yote, bila kupunguza. Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Bakapiga koti yangu picha," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukanyamaza."

"Sikuwa na agizo, Nabintu. Desturi yetu unaijua."

"Yenu." Akageuka. "Ile agizo ulibeba, nani aliitunga? Siku ile benye kadi balikuwa getini. Miye na benzangu tulikuwa ngambo ya barabara, tunakula mukate. Unakasirikia ule Muzungu juu hakuuliza batu bako. Na miye, nani aliniuliza? Miaka sita, siku moja tu, nani alivuka ile barabara?"

Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba nilipata neno la kumtuliza, lakini nilikaa na koti magotini, nimekasirika kuliko nilivyokasirika kule, na safari hii sikuwa na mtu wa kumfuata na karatasi. Sisi watu wa chama tunaimba kila siku kwamba wote ni kitu kimoja. Kisha saa sita inafika, wenye kadi wanasimama getini, na wasio na kadi wanakwenda kivulini kwao bila hata kuambiwa. Nilikuwa nimewapita maelfu ya mara.

Jumatatu asubuhi tulipanda taksi pamoja kwenye stendi ya soko la Warwick, mimi na yeye, naye amevaa koti. Saa sita watu walitoka. Baba Khumalo akafungua daftari, akasema Mama Solange aripoti. Nikasema siripoti.

"Mpaka wale wavuke," nikaonyesha ng'ambo.

Manung'uniko yakazuka. Si wanachama. Hawana kadi. Hawawezi kupiga kura, kanuni ziko wazi.

"Mama, saa inakwenda," akasema Baba Khumalo taratibu. "Hao hawana kura."

"Hata mimi kule niliambiwa sina kura. Na jina langu wakaliandika."

Baba Khumalo ni mtu wa kanuni, na kanuni hizo wenzake walizipata kwa kupigwa virungu, siwezi kumdharau kwa kuzishika. Akafunga daftari, akavua kofia, akavuka barabara mwenyewe. Walikuwa wanaogopa. Msimamizi alikuwa dirishani juu, na wakala anaweza kumwachisha mtu kwa ujumbe mmoja wa simu. Nabintu alikwenda nyuma ya Baba Khumalo, akamshika mkono mama wa kwanza, na huyo akaja, kisha wengine wanne, kisha karibu wote. Watatu walibaki ukutani. Siwalaumu.

Niliripoti. Nilitukanwa kwa Kizulu na kwa Kiswahili, na nilistahili kiasi. Kisha tukatunga tamko. Lilikuwa na sentensi tatu, na ya mwisho alisema Nabintu nami nikaitia Kifaransa neno kwa neno kwenye simu: Nilivaa jina lenu miaka sita, basi niulizeni mimi. Baba Khumalo akauliza wanaokubali, na mikono ikapanda, yenye kadi na isiyo na kadi, naye akaihesabu yote. King'ora cha kurudi kazini kililia. Hakuna aliyetikisika mpaka nilipotuma. Dakika kumi baadaye Godelieve akajibu: "Nimetia saini. Limeingia."

Sasa ni miezi mitatu. Maoni yametoka. Aya ya tisa iko kama Bwana Henri alivyoigonga, na chini yake jina la Durban bado linasema tulikubali. Tamko letu liko ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Godelieve aliingia nalo ofisini kwa wakubwa. Wamejibu kwamba wanachunguza. Nabintu hajarudi kazini. Anauza vifuniko vya simu Warwick kwa mkono wa kushoto, na mtu akinipongeza kwa safari yangu mbele yake natamani kumpiga mtu huyo.

Nilichojifunza nitakisema bila kukipamba. Nilikwenda mbali kukasirishwa na watu walioandika kimya changu kuwa ndiyo, na nikarudi nikakuta sisi hapa tumefanya hivyo miaka yote, bila hata kalamu. Hasira haijapungua. Imeongezewa mahali pa kwenda.

Wiki iliyopita kulikuwa na kikao getini kuhusu zamu mpya. Watu wa wakala walisimama pamoja nasi, pembeni kidogo, na Nabintu alikuja kutoka Warwick ingawa hana kazi tena pale. Baba Khumalo alisoma pendekezo, akauliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyejibu. Akainamisha kichwa, akaanza kuandika.

"Baba, usiandike kwanza," akasema Nabintu, kwa Kizulu chake cha sokoni. "Hawa hawajasema kitu. Waulize."

Baba Khumalo akatia kalamu mfukoni, akaanza kuwauliza mmoja mmoja, kwanza yule mama wa wakala aliyesimama mwisho kabisa, karibu na ukuta.